Kabla Sijamkumbatia

Mei ikiingia hapa Martos
mizeituni hutoa maua madogo, meupe, yasiyonukia,
na vumbi lake la manjano hutanda juu ya magari,
juu ya vikombe vya kahawa mezani,
juu ya kofia ya padri.
Nina miti mia tatu na kumi na miwili.
Ilimlisha babu, ikamlisha baba, ikaninunulia trekta.
Ndiyo hiyo hiyo inayomchubua mwanangu.

Eufrasia ana miaka tisa.
Mikunjo ya viwiko vyake huwa myekundu
kama komamanga lililopasuka,
shingo hupauka, kope huvimba,
na usiku, ng'ambo ya ukuta, nasikia kucha:
kwaru, kwaru, kwaru,
panya aliyegundua gunia.
"Acha kujikuna," nilikuwa nikimwambia.
Ujinga. Nani amewahi kuamriwa asipige chafya?

Mama yangu, Visitación, akaleta chupa:
mafuta ya mkamuo wa kwanza, ya kijani, yanayokereketa koo.
"Ngozi za ukoo huu zimekulia humu," alisema,
akampaka mjukuu toka kisogo hadi kisigino.
Kulipokucha mtoto alikuwa kaa la moto.
Tuliendesha hadi Jaén bila kusemezana.

Daktari Quesada hakutukaripia.
Alichora ukuta kwenye bahasha, akauchora nyufa.
Maji yanatokea hapa, alisema, chavua inaingilia hapa,
na mafuta ya mzeituni, akaongeza bila kuinua macho,
hayazibi ufa, huupanua.
Aoge maji ya vuguvugu, asikae sana.
Mkausheni kwa kumbonyeza, msimsugue.
Marhamu ipakwe ngozi ingali na unyevu,
na msiibanie: pakeni
kama mnavyompakia mgeni siagi.
Kisha akauliza, kama jambo dogo tu,
"Mashuka mnayaanika wapi?"

Nje. Kwenye kamba, kati ya miti.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Sisi tulikuwa tukikianika kila Jumamosi,
tukikikunja pembe kwa pembe,
tukimfunika nacho hadi kidevuni.

Mama alinuna siku tatu.
Ya nne akafungua sanduku la arusi yake,
akatoa shuka la pamba alilojiwekea la kuzikiwa,
akalikata kwa mkasi wa kuku.
Jioni kulikuwa na jozi sita za glavu zisizo na vidole,
mshono mdogo kama wa utarizi,
mapindo yote yametazama nje yasimkwaruze.
Kuhusu mafuta hakusema neno.
Ila mkate wake sasa huuchovya
akinikazia macho.

Nikadhani tumemaliza.
Nilirudi shambani nywele zimeniwa manjano,
mtoto akanikimbilia mikono wazi,
nami nikarudi nyuma hatua moja.
Hatua moja tu.
Nilimwona akiigeuza mikono yake, akiikagua,
akidhani uchafu ni wake.

Basi nimejifunza kuingia nyumbani kwangu kama mwizi.
Buti gerejini, shati na suruali ndani ya pipa lenye kifuniko,
napita uani na chupi, jirani yangu Nicasio akinipigia mluzi,
hadi bafuni, nijisugue kichwa mpaka povu litoke jeupe.
Wengine huambiwa na redio habari za mvua;
sisi tunasikiliza hesabu ya chavua,
na ikizidi, madirisha hayafunguliwi hata kwa joto la tanuri.
Bado zipo siku mbaya. Juzi aliamka damu kwenye mto,
glavu moja ameivua usingizini.
Tulipaka, tukanyamaza, tukapaka.

Lakini nikiwa bafuni yeye huketi nje ya mlango, taulo mapajani.
Tulikubaliana ahesabu hadi mia mbili.
Namsikia kupitia maji:
thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini,
tisini,
mia na sabini,
"Baba, mia mbili! Toka!"